Mstari wa tano unasubiri nukta yake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kanyenye, mjini Tabora. Duka la vitambaa la Alifya bado halijafunguliwa, lakini chumba cha uani kina mtu. Advera Kornel ameketi mbele ya kompyuta yake, miguu kaikunja juu ya kiti, chai imepoa pembeni. Anatazama nukta.

Ni nukta nyingi, zimetawanyika kwenye kioo kama mtama uliomwagika mkekani. Kila nukta ni mzinga wa nyuki. Iliyo juu, mzinga wake umetoa asali nyingi. Iliyo chini, asali haba. Iliyo kushoto iko karibu na maji. Iliyo kulia, nyuki wake wana safari. Na rangi ya nukta inaeleza mzinga umeangikwa sehemu gani ya msitu.

Kwenye kona kuna kisanduku kidogo: rangi na jina, rangi na jina. Hicho ndicho ufunguo, kinachomwambia mtazamaji rangi gani ni ya nani. Kina mistari minne, na chini ya hiyo minne upo wa tano, umeshaandikwa, una alama yake na jina lake. Ukiitafuta alama hiyo kwenye mchoro, macho yatachoka bure. Hakuna nukta hata moja ya namna hiyo.

"Huyo bado yuko njiani," anasema Advera, huku akitabasamu kana kwamba anamwona anakuja. "Namsubiri."

Ukiwauliza majirani kazi ya Advera, kila mmoja ana lake. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara anaamini anabuni vitenge. Mama muuza vitumbua anasema ni mtu wa hali ya hewa, na mvua ikichelewa humlaumu. Mwenyewe ana jibu fupi: anachora takwimu. Vikundi vya wakulima, wanafunzi wa vyuo, watafiti wanaopita na magari yenye vumbi, wote humletea tarakimu, naye huziandikia amri kwenye programu ya takwimu mpaka zinageuka mchoro ambao mtu anaweza kuutazama akaelewa.

"Tarakimu zikiwa kwenye safu ni watu waliokaa gizani," anasema. "Unajua wapo, unasikia wanapumua. Ukizichora, kumekucha."

Maisha yenyewe ni ya kubangaiza, hafichi. Mwezi mzuri unamlisha na kumpeleka kijijini akiwa na sukari mkononi. Mwezi mbaya anarudi dukani kwa Alifya kupima vitambaa siku mbili tatu, wala haoni aibu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, anatoka nje, anaegemea ukuta na kuota ndoto za mchana mpaka urudi. Alifya anasema wakati mwingine umeme hurudi na yeye bado hajarudi.

Dukani hapo ndipo yote yalipoanzia. Advera, ambaye sasa ana miaka thelathini na minne, alifika akiwa na stashahada ya takwimu mkononi na kazi hakuna. Alifya, ambaye ukoo wa mumewe umeuza vitambaa Tabora tangu enzi za babu yao, alimkabidhi rafu ya nyuzi.

"Nilimwambia, binti yangu, hapa rangi bila jina ni ugomvi," anakumbuka Alifya, akifungua milango ya duka na kuning'iniza doti za kanga. "Mteja anataka damu ya mzee, wewe unampa nyekundu. Anafika nyumbani, anashona, anarudi na nguo na matusi. Nyekundu ziko ngapi dunia hii?"

Alifya ana kadi ya siku nyingi, imechakaa pembe, iliyobandikwa vipande vya uzi na chini ya kila kipande jina lake: damu ya mzee, ndimu, ugoro, kijani cha mgomba, bluu ya shule. Advera aliishi na kadi hiyo miaka mitatu. Baadaye, alipojifunza kuandika programu kwa kozi ya mtandaoni na kwa kung'ang'ana, hesabu hazikumgusa sana. Kilichomgusa ni somo dogo la kuongeza ufunguo wa rangi kwenye mchoro wa nukta.

"Nilicheka peke yangu," anasema. "Nikasema, kumbe hii ni kadi ya Mama Alifya!"

Tangu hapo, hakuna anachokipenda katika kazi yake kama ufunguo. Wenzake wa fani wanauweka mwisho, harakaharaka, kama mtu anayeweka chumvi mbogani wageni wameshakaa. Yeye huanza nao. Huchagua rangi kwanza, anazitaja kwa majina ya dukani, anazipanga, anazitazama zikikaa pamoja. Hata michoro yake mingine ukiitazama asubuhi, jua likiingia kupitia matundu ya dirisha na vumbi la vitambaa likielea hewani, unaweza kusahau kwamba ni habari za mbolea au mahudhurio ya shule.

Ndiyo maana kosa lilipotokea, lilitokea pale pale anapopapenda.

Advera ni mzaliwa wa Itundulu, kijiji kilicho magharibi mwa mji, wilayani Uyui, kando ya njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe leo huioni mpaka uonyeshwe: mfereji wa kina kifupi katikati ya miyombo, umejaa majani makavu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga wakiwa na mizigo kichwani, kwenda ziwani na kurudi, mpaka ardhi ikabonyea.

Babu yake Advera, marehemu Leodgar, hakubeba mzigo wowote njiani humo. Alizaliwa misafara imeshakwisha. Lakini alirithishwa kambi. Alizijua zote kwa mpangilio wake, na wajukuu alipowapeleka msituni kukagua mizinga, walizitaja wakitembea: "Mkolani tunatua, Kisimani tunakunywa, Tungi tunapika, Bondeni tunalala." Hizo nne ndizo zilizo ndani ya msitu wa kijiji, na mpaka leo ndizo zinazogawa msitu huo sehemu nne.

Kulikuwa na mwiko. Kambi hairukwi. Mtoto aliyeanza na Tungi kabla ya Mkolani alirudishwa nyuma kwa miguu, si kwa mdomo, atembee tena kutoka alipokosea.

"Babu alisema ukiruka kambi, mzigo unakuwa mzito," anasema Advera. "Mpaka leo siwezi kuzitaja vingine. Ulimi unakataa."

Sasa, Itundulu imeongezeka watu. Vijana wanaoa, mashamba hayatoshi. Kijiji kikaafikiana kwamba sehemu moja ya msitu ifunguliwe kwa kilimo na tatu zibaki za nyuki. Ni ipi? Hapo ndipo ndugu walipoanza kunyimana salamu. Kila aliyekuwa na mizinga mahali aliapa kwamba pake ndipo penye asali.

Mwenyekiti wa kijiji, Benjamini, akamkumbuka mtoto wa Kornel aliyeko mjini. "Nilitaka tuamue kwa macho, siyo kwa makelele," anasema. "Makelele tulikuwa nayo ya kutosha."

Basi msimu mzima wa kurina, Advera alikuwa akienda na kurudi kwa bodaboda. Alipima asali ya kila mzinga, akapima na umbali wake hadi kwenye maji. Aliporudi Kanyenye, aliiambia programu izipe nukta rangi kulingana na sehemu za msitu. Ikazipa. Kisha akaandika ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, rangi ya kwanza na jina la kwanza, ya pili na la pili: Mkolani, Kisimani, Tungi, Bondeni.

Tatizo ni kwamba kompyuta haikulelewa na Leodgar. Ukiipa majina bila maelekezo, huyapanga kwa alfabeti. Kwake ya kwanza ilikuwa Bondeni, halafu Kisimani, halafu Mkolani, mwisho Tungi, na ndivyo ilivyogawa rangi. Advera naye akabandika majina kwa mpangilio wa njia. Damu ya mzee, iliyokuwa ya Bondeni, ikaandikwa Mkolani. Bluu ya Mkolani ikaandikwa Tungi. Na manjano ya Tungi, nukta zilizojikalia chini kabisa ya mchoro, zikaandikwa Bondeni. Hakuna onyo lililotokea. Mashine ilitii kila ilichoambiwa.

Je, hakukagua? Alikagua. Alikagua Kisimani, kwa sababu huko ndiko iliko mizinga ya baba yake. Kisimani ni ya pili njiani, na katika alfabeti pia ni ya pili. Ilikuwa sawasawa.

"Nilipoona ya nyumbani iko sawa, moyo ukatulia," anasema, akitazama vidole vyake. "Na rangi zilikuwa zimependeza. Nisikudanganye, nilikuwa natazama uzuri."

Karatasi ikachapishwa kubwa, upana wa shuka. Alifya aliisifia, akaifunga kwa utepe wa satini, na Advera akaipakata kwenye bodaboda mpaka Itundulu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ghala la chama cha wafuga nyuki, mahali penye giza la kupendeza na harufu ya nta iliyoingia hadi kwenye mbao. Mchoro ulining'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Watu walisogea karibu. Wengi hawakuwa wamewahi kuona msitu wao ukiwa umekaa hivyo, kimya, wenye rangi, unaoenea kwenye karatasi moja. Advera anasema dakika chache zile zilikuwa tamu kama ndoto ya alfajiri, ile usiyotaka kuamshwa.

Benjamini alifuata ufunguo kwa kidole. Akaenda kwenye manjano, akashuka nayo mpaka chini.

"Ndugu zangu, karatasi imesema," alitangaza. "Bondeni ndiyo dhaifu. Asiyekubali ainuke sasa."

Aliyeinuka ni mwanamke mmoja, Imakulata, mjane anayejulikana Itundulu kwa kupanda miti. Mumewe alipofariki, watu walimshauri auze mizinga kwa kuwa mwanamke hapandi mti. Yeye akafunga kanga kiunoni, akapanda. Mizinga yake yote iko Bondeni, na ndiyo iliyosomesha wanawe wawili.

Hakubishana. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida: "Mimi karatasi siijui, na waliosoma wamesoma. Naomba kitu kimoja. Kabla hamjapeleka mashoka, Advera mwanangu anionyeshe mzinga wangu mkubwa uko wapi hapo, nikauage."

Advera alisogea kwenye mchoro, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatafuta mzinga mmoja badala ya kutazama rangi zote. Alijua pa kutazama. Mzinga huo alikuwa ameupima yeye mwenyewe. Ulijaza debe ukabakiza, na wote waliokuwapo walipiga vigelegele. Hakuna mwingine uliofikia hapo. Nukta yake ilikuwa lazima iwe juu kabisa, kushoto, peke yake.

Ilikuwapo. Ilikuwa na rangi ya damu ya mzee. Ufunguo ulisema: Mkolani.

"Nilirudi kwenye ufunguo," anasema. "Nikasoma majina, na sauti niliyoisikia ni ya babu. Mkolani tunatua, Kisimani tunakunywa. Hapo hapo nikajua nilichofanya."

Angeweza kukaa kimya? Swali hilo ameulizwa mara nyingi, na anakubali kwamba lilipita kichwani, likaenda zake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza nyumbani. Baba yake alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti. Watu walishaanza kuinua mikono kukubali. Lakini Imakulata alikuwa amesimama pale anasubiri kuonyeshwa, mikono kaifumbata mbele kama mtu aliyefika kwenye msiba wake mwenyewe.

"Shusheni mikono," Advera alisema. "Naomba radhi, wazee wangu na mama zangu. Nukta ni za kweli. Majina nimeyakosea mimi."

Kelele zilizofuata, Benjamini anasema, zilitisha hata nyuki wa kwenye dari. Mmoja alipaza sauti kwamba nusura wafyeke Bondeni kwa ajili ya rangi. Mwingine, aliyekuwa na haki yake, aliuliza: "Na sasa ukituambia vingine, tutajuaje kama safari hii ndiyo kweli?"

Kwenda mjini kuchapisha karatasi nyingine kungechukua siku nzima, na hata hiyo nani angeiamini? Advera alisimama akitazama ufunguo wake mzuri, ule alioupanga kwa mapenzi, na machozi yakamtoka mbele ya kijiji. Baba yake, Kornel, alivua koti, akalitandika juu ya gunia, akakaa kungoja. Advera anasema kitendo hicho kilimpa nguvu kuliko pole yoyote: mzee alikuwa amekubali kwamba kazi haijaisha.

Akaomba wembe. Akayakata majina yote manne kwenye karatasi, rangi zikabaki uchi. Kisha akaita mtu mmoja kutoka kila sehemu ya msitu, waje wazitafute nukta zao wenyewe. Aliwauliza mambo wanayoyajua: mzinga wako uliozidi yote uko mbali gani na maji, ulitoa kiasi gani, na mbovu kuliko yote je? Kidole kikatembea kwenye karatasi mpaka kikakuta nukta. Mwenye nukta akipata rangi yake, alichukua jina la sehemu yake na kulibandika hapo kwa mkono wake. Gundi haikuwapo, lakini ghala la wafuga nyuki halikosi nta. Waliipasha moto kwa kiberiti, ikashika.

Imakulata alibandika Bondeni kwenye damu ya mzee. Kornel akabandika Kisimani palepale ilipokuwa, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Mkolani ikaenda kwenye bluu.

Likabaki jina moja na rangi moja. Jilala, mfuga nyuki wa Tungi, alikuwa amelishika mkononi.

Kila mtu ghalani alikuwa ameshaona manjano iko wapi. Kosa la Advera lilikuwa limemfichia Jilala aibu, likampa asali isiyo yake, na kwa saa moja nzima alikuwa amekaa kwa raha akijua sehemu yake imepona. Sasa alitakiwa kwenda mbele ya watu, kuibandika kwa mkono wake mwenyewe mahali palipo dhaifu.

Alisimama pale muda mrefu, nta ikagandia vidoleni. Ilibidi ipashwe tena. Kisha akabandika. Tungi.

"Nilijua siku nyingi," anasema Jilala leo, akiwa amechutama chini ya mti wa mtundu, msituni Bondeni. Ni mtu wa maneno machache na kofia ya sufu hata jua likiwaka. "Nyuki wa Tungi wanaishi kwa kuvumilia. Mimi nao tulikuwa tunavumiliana. Ila kujua ni kimoja, na kubandika ni kingine."

Mkutano uliamua, safari hii bila makelele. Tungi itafunguliwa kwa mashamba. Bondeni inabaki. Hakuna aliyepiga vigelegele, na Advera anashukuru kwa hilo.

Wakati watu wanatoka, Imakulata alimfuata Jilala mlangoni. Kwa desturi ya Itundulu, mti wa kuangikia mizinga hauombwi na mwenye shida. Hutolewa na mwenye miti, naye hutakiwa aanze yeye kusalimia. Imakulata ni mkubwa kwa umri, lakini alianza yeye.

"Mwangaluka, Jilala."

"Mwangaluka, mama."

"Bondeni kuna mitundu miwili sijawahi kuipanda. Magoti yangu hayataki tena. Njoo uangike."

Jilala hakujibu siku hiyo. Alijibu baada ya wiki, kwa kuonekana njiani akiwa amebeba mzinga wa kwanza kichwani. Aliifuata njia ya zamani, kutoka Tungi kwenda Bondeni, kambi ya tatu kwenda ya nne, mpangilio wake wenyewe. Imakulata alimwona akipita na hakumsemesha, kwa sababu mtu aliyebeba mzinga hasemeshwi.

Baada ya hapo, Jilala alikuja mjini mwenyewe, akauliza njia mpaka akafika Kanyenye. Alikaa kwenye kigoda dukani kwa Alifya, akanywa maji, akazitazama nyuzi zilizopangwa ukutani. Advera alidhani amekuja kulalamika. Alikuwa na maneno yake ya kuomba radhi tayari mdomoni.

"Nina swali tu, mwanangu," Jilala alisema. "Mwakani ukichora, mimi nitakuwa rangi gani?"

Advera anasema hakupata usingizi mzuri kwa siku kadhaa kwa sababu ya swali hilo. Kwa programu, jibu ni rahisi: mzinga uko Bondeni, basi ni damu ya mzee, kwisha habari. Lakini alikuwa ameiona mikono ya mzee yule na nta iliyoganda. Aliota nukta zinatoka kwenye karatasi, zinashika njia moja nyuma ya nyingine, kila moja inaingia kwenye kambi yake, na moja inabaki nje inauliza, mimi niingie wapi?

Jibu lilitoka rafuni. Alifya alikuwa anamhudumia fundi cherehani aliyetaka kitambaa cha rangi moja na uzi wa kupindia wa rangi nyingine. Advera aliacha alichokuwa anafanya, akaenda kwenye kompyuta. Programu yake inajua kuchora duara lenye rangi mbili, moja ya ndani na moja ya ukingo. Alilichora: tumbo lina damu ya mzee ya Bondeni, na pembezoni limezungushiwa manjano ya Tungi.

"Akaniita, Mama Alifya njoo uone," anasema Alifya. "Nikaona kiduara. Nikasema kizuri, cha nini? Yeye analia. Huyu binti, bas, rangi zitamuua."

Akampigia Jilala simu, akamweleza. Jilala akataja maneno anayotaka yaandikwe mbele ya alama yake. Hayo ndiyo yaliyoko kwenye mstari wa tano wa ufunguo: "Wa Tungi, yuko Bondeni."

Siku hizi Advera haandiki majina ya ufunguo kwa kichwa. Anaiacha programu yenyewe itoe majina ikiwa na rangi zake, kisha kama anataka mpangilio wa njia, anaifundisha mashine kwanza, kambi kwa kambi, kabla haijagusa rangi. Na hakuna mchoro wake unaojadiliwa kabla kila mwenye nukta hajaitafuta yake. Watafiti wengine hulalamika kwamba inachukua muda. Huwapa kiti wangoje.

Ana ndoto kubwa zaidi, ya kuchora njia nzima ya misafara kutoka Tabora hadi ziwani, vijiji vyote vinavyofuga nyuki kandokando yake, kila kambi na rangi yake. Ameshaanza kuuliza majina. Wengi wa waliokuwa wanayajua wamekwishazikwa, na hilo linamharakisha kuliko pesa yoyote. Lakini ukimuuliza anachokitaka mwaka huu, harudi kwenye ndoto kubwa. Anarudi kwenye kile kisanduku cha kona.

Mizinga ya Jilala imeangikwa. Ila kuangika siyo kufuga. Nyuki hawaitwi, wanasubiriwa, na mzinga mgeni unaweza kukaa mtupu msimu mzima. Jilala amesema kama hawataingia, basi atajua na Bondeni imemkataa, ataacha kazi hii aende kulima kama wengine.

Saa moja asubuhi. Jua limefika kwenye meza, chai imeshaota utando. Simu ya Advera inalia. Anaitazama, anaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Sauti ya Jilala inakatikatika; msituni mtandao ni wa kuombaomba. "Niko juu ya mti."

"Uko salama?"

"Nimeweka sikio kwenye mzinga."

Dukani, Alifya ameacha kukunja kitambaa.

"Wanaongea," anasema Jilala. Kisha, kwa mbali, labda ni upepo, labda sio, kunasikika mvumo. "Unawasikia? Wanaongea!"

Simu inakatika. Advera anabaki ameishika sikioni. Halafu anaifuta kompyuta vumbi kwa kiganja na kuutazama ule mchoro, mahali patupu upande wa kushoto, si mbali na nukta ya Imakulata. Angeweza kuiweka sasa hivi, ni amri moja tu. Vidole viko juu ya vibonyezo.

Anaviondoa. Nukta huwekwa kwa asali, na asali haijarinwa. Anaenda kupasha chai, na mstari wa tano anauacha wazi pale pale.